Leader Stirling

Leader Dominic Stirling (1906–2003) alikuwa daktari wa upasuaji, mmisionari na mwanasiasa wa Tanzania aliyezaliwa Uingereza. Aliingia Tanganyika mwaka 1935, akafanya kazi katika hospitali za misheni kusini mwa nchi na baadaye Kilimanjaro. Alikuwa mbunge tangu uchaguzi wa 1958–1959 hadi 1980, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Julius Nyerere. Alichukua uraia wa Tanzania.

Alilijua tatizo la upungufu wa watumishi wa afya kwa pande zote mbili. Kwanza alikuwa daktari wa kijijini aliyelazimika kuwafundisha wasaidizi wake mwenyewe. Baadaye akawa waziri aliyepaswa kusimama bungeni na kujibu kuhusu hospitali na zahanati za nchi nzima.

Maisha ya awali

Stirling alizaliwa mwaka 1906 nchini Uingereza na kusomea udaktari mjini London. Baada ya kufuzu alijiunga na UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa kufuatia wito wa David Livingstone kwa vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857. Misheni hiyo ilianza kazi Zanzibar mwaka 1864, na mwaka 1876 ilifungua kituo Masasi, ambako iliwaweka watumwa waliokombolewa. Alipofika Stirling, Masasi ilikuwa dayosisi chini ya Askofu Vincent Lucas.

Lulindi

Mwaka 1935 alipelekwa Lulindi, wilayani Masasi, akakaa huko kwa takribani miaka 14. Hospitali ilikuwa ya majengo ya udongo, miti na nyasi, bila umeme. Daktari alikuwa mmoja, naye alifanya kazi zote: upasuaji, uzazi, ukoma, malaria, safura na vidonda.

Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila wauguzi. Daktari akipasua, lazima awepo mtu wa kuchemsha vyombo, wa kumlaza mgonjwa usingizi, na wa kukesha naye usiku. Serikali ya kikoloni haikuwa na wauguzi wa kuwapeleka vijijini, kwa hiyo Stirling alianzisha mafunzo hapohapo hospitalini kwa vijana wa kike na wa kiume wa maeneo ya jirani. Maisha ya miaka hiyo aliyaeleza katika kitabu chake cha kwanza, Bush Doctor, kilichotoka mwaka 1947.

Mnero na Kibosho

Mwaka 1949 Stirling alijiunga na Kanisa Katoliki, na hivyo akaondoka katika misheni ya Kianglikana. Hakuondoka kusini. Alihamia Mnero, upande wa Nachingwea, kwenye misheni ya Wabenedikto, akaendesha hospitali kwa miaka 15.

Wakati huo Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, uliotumia mamilioni ya pauni na kuvunjika mwaka 1951. Mashine, reli na kambi za wazungu vilifika upesi, lakini huduma za afya za wananchi wa vijijini ziliendelea kutegemea misheni kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1964 Stirling alihamia hospitali ya Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akafanya kazi huko hadi 1969.

Kuingia bungeni

Katika uchaguzi wa 1958–1959 kulikuwa na utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika chama cha TANU waliuona utaratibu huo kuwa wa kibaguzi. Hata hivyo, katika mkutano wa Tabora mwaka 1958, Nyerere aliwashawishi washiriki, kisha chama kikatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Stirling alikuwa mmoja wa Wazungu hao, na aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, kwa watu wapatao milioni 9. Vituo vya afya vijijini vilikuwa 22. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu. Kwa miaka mingi daktari aliyekuwa mbunge alibaki kuwa kitu adimu.

Waziri wa Afya

Mwaka 1975 Nyerere alimteua Stirling kuwa Waziri wa Afya, kushika nafasi iliyoachwa na Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70.

Sera aliyoikuta ilikuwa imekwisha kuamuliwa na chama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 fedha zilielekezwa zaidi vijijini kuliko kwenye hospitali kubwa za mijini. Lengo lilikuwa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Wakati huohuo mamilioni ya wananchi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kilidai shule, maji na zahanati.

Majengo yalijengwa haraka kuliko watumishi walivyosomeshwa. Daktari kamili huchukua miaka mingi kumwandaa, kwa hiyo nchi ilitegemea ngazi za chini yake:

- Daktari msaidizi, aliyekuwa tabibu mzoefu kabla ya kupelekwa kusoma zaidi, na ambaye huweza kufanya upasuaji katika hospitali ya wilaya.
- Tabibu, aliyeongoza kituo cha afya.
- Mganga wa zahanati, aliyesoma miaka mitatu baada ya kumaliza darasa la saba.
- Mhudumu wa afya ya mama na mtoto, aliyesoma miezi 18.

Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilizidi 200, na zahanati zilizidi 2,000. Baadhi ya madaktari waliona kwamba ngazi hizo za chini zinashusha kiwango cha tiba. Waliozitetea walijibu kwamba mgonjwa wa kijijini hachagui kati ya daktari na mganga wa zahanati, bali kati ya mganga wa zahanati na kukosa kabisa. Historia ya Stirling mwenyewe huko Lulindi iliegemea upande huo wa pili.

Katika kipindi chake matukio mengine makubwa yalikuwa:

- Mpango wa chanjo kwa watoto, ulioanza mwaka 1975.
- Kuundwa kwa Kituo cha Tiba Muhimbili mwaka 1976, kwa kuunganisha hospitali na kitivo cha udaktari.
- Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977. Mtaalamu Karel Styblo alishirikiana na Watanzania kuandaa utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa wilayani hadi amalize dawa, na utaratibu huo baadaye uliigwa na nchi nyingi duniani.
- Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa miaka ya 1977–1978.

Wizara mbele ya Bunge

Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja, na tangu 1975 katiba ilitamka wazi kwamba chama kina kauli ya mwisho. Bunge halikuweza kuiangusha serikali. Njia zilizobaki za kuihoji wizara zilikuwa hasa mbili. Ya kwanza ilikuwa maswali, ambapo mbunge huuliza kuhusu zahanati, gari la wagonjwa au mganga wa jimbo lake, na waziri hulazimika kujibu. Ya pili ilikuwa mjadala wa bajeti, ambapo waziri huomba fedha za mwaka mzima na wabunge hueleza upungufu walioukuta kwa wananchi. Njia hizo zina mpaka wake. Swali laweza kumpatia mbunge ahadi ya mganga mmoja, lakini haliongezi idadi ya waganga waliohitimu nchini.

Sheria iliyozua ubishi mkubwa zaidi katika kipindi hicho ni Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977. Ilipiga marufuku tiba ya kibiashara. Hospitali zisizo za serikali ziliruhusiwa tu zikiwa za mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini, ambayo hayakutafuta faida. Shabaha ilikuwa afya isiwe bidhaa, na madaktari wachache waliopo wasivutwe mijini na malipo ya wenye uwezo. Kwa upande wa pili, sheria iliwanyima madaktari kipato cha ziada wakati mishahara inapungua thamani, na baadhi yao walikwenda nje ya nchi. Mwaka 1991 ilirekebishwa na hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa tena.

Kanda ya Ziwa

Matokeo ya sera hizo yanaonekana vizuri katika Kanda ya Ziwa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu kwa makubaliano ya uendeshaji wa pamoja. Hospitali ya misheni ya Sengerema ilifanywa hospitali teule ya wilaya, maana yake jengo ni la kanisa lakini serikali huchangia mishahara na gharama.

Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, inaonyesha udhaifu wa hesabu ya zahanati moja kwa watu 10,000. Hesabu hiyo ilifaa vijiji vya wakulima ambavyo idadi ya watu hubadilika polepole. Katika sehemu za wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Rwamgasa, watu huweza kumiminika kwa miezi michache na kuondoka tena, huku idadi ya waganga ikibaki ileile. Magonjwa nayo ni tofauti: vumbi la mawe huharibu mapafu na kurahisisha kifua kikuu, na uchunguzi uliofanywa Rwamgasa chini ya mradi wa UNIDO miaka ya 2000 ulikuta watu wenye dalili za sumu ya zebaki, hasa miongoni mwa wachomaji wa dhahabu. Kuitambua sumu hiyo kunahitaji mafunzo na vipimo ambavyo zahanati ya kawaida haikuundwa kuwa navyo.

Miaka ya mwisho

Stirling alistaafu uwaziri na ubunge mwaka 1980. Kitabu chake cha pili, Tanzanian Doctor, kilikuwa kimetoka mwaka 1977 akiwa bado waziri. Alishughulika pia na vijana na aliwahi kuwa Skauti Mkuu wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 97.

Tiba ya bure kwa wote, iliyokuwa msingi wa sera aliyoitumikia, ilianza kubadilishwa mwaka 1993 kwa utaratibu wa kuchangia gharama. Mgawanyo wa zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya bado unatumika, na kadhalika mtindo wa kutegemea matabibu pale ambapo madaktari hawatoshi.