XU XIAKE, MUSAFIRI ALIYEBEBA MIFUPA YA RAFIKI

Mara hii tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa China. Katika somo letu la jeografia hatusikii jina lake, lakini kwao ni mutu wa sifa sana.

Xu Xiake alizaliwa mwaka 1587 katika muji wa Jiangyin, karibu na muto Yangtze. Wakati ule kijana mwenye akili alitafuta kushinda egzame ya serikali kusudi apate cheo. Yeye alipenda vitabu vya milima na mito kuliko cheo. Baba yake alikufa mwaka 1604. Watu walizani atabaki nyumbani juu ya mama yake, lakini mama mwenyewe njo alimusukuma aende, akamutengenezea na kofia ya safari. Tangu 1607 alitoka na kurudi, akatoka tena, miaka 30 na zaidi, bila kutumwa na serikali. Alienda sana kwa miguu. Jioni, hata akichoka namna gani, alishika kalamu na kuandika njia ya siku ile, mapango, mawe, na maji yanashuka upande gani.

Safari kubwa ilianza 1636. Alifuatana na mutumishi wake Gu, na Jingwen, mutawa wa dini ya Buda. Jingwen alikuwa na kitabu kitakatifu alichokiandika kwa damu yake mwenyewe, na alitaka kukifikisha ku mulima Jizu, mbali kabisa, katika jimbo la Yunnan.

Mwaka 1637, usiku, wanyanganyi waliingia mu mashua yao katika muto Xiang. Xu aliruka mu maji. Jingwen alibaki kuokoa vitabu, akaumizwa. Feza na nguo zikaisha. Katika muji wa Hengzhou walimushauri Xu arudi kwao. Alikataa, akakopa feza, wakaendelea. Huko Guilin aliingia mapango mengi, lakini mulima Duxiu ulikuwa ndani ya lupango la mwana wa mufalme. Aliomba mara nyingi kuupanda, hawakumuruhusu.

Walipofika Nanning, Jingwen alizidiwa, akafa. Alikuwa amesema anataka kuzikwa ku Jizu. Basi Xu alibeba mifupa yake, akapita Guiyang, akapita Kunming, milima na mvua, zaidi ya mwaka mumoja, mpaka akamuzika pale pale. Mwaka 1639 Gu naye alimukimbia, akabeba vitu vyake. Xu akabaki peke yake, na miguu ikaanza kukataa.

Mwaka 1640 walimurudisha kwao wakimubeba, na mwaka 1641 alikufa. Lakini alikuwa amekwisha kuandika kwamba Yangtze haianzii ku muto Min, kama vitabu vya zamani vilivyofundisha, bali Jinsha ndiyo muto ule ule kwa jina lingine, sawa vile Lualaba na Kongo. Rafiki zake walikusanya maandiko yake. Tangu 2011 China inashika tarehe 19 Mei, siku ya kwanza ya maandiko hayo, kuwa siku ya utalii.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunangojea egzame, na ni vizuri. Lakini Xu hakuwa na diploma. Alikuwa na miguu, kalamu na ahadi, na vyote vitatu alivitumikisha mpaka mwisho.