Bwana Darling, Mwindaji Aliyewatetea Bata

Muhula uliopita nilimwambia rafiki yangu bwenini kwamba nataka kuandika habari za mwindaji aliyewaokoa bata. Alicheka sana, akasema hiyo ni sawa na habari za fisi aliyechunga mbuzi. Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Jay Norwood Darling alizaliwa tarehe 21 Oktoba, 1876, katika kijiji cha Norwood, Jimbo la Michigan, huko Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1886 walihamia Sioux City, katika Jimbo la Iowa, mji ambao siku zile ulipakana na mbuga kubwa za nyasi zenye ndege wasiohesabika. Kijana huyu alizoea kuzurura humo na bunduki yake. Siku moja alimpiga bata wakati wa kutaga na kuatamia, na mzee mmoja wa ukoo wao akamkaripia vikali. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka babu yangu, maana naye alinikemea mbele ya watu siku nilipoleta nyumbani mayai ya kanga, nikidhani nitasifiwa.

Alipokuwa akisoma katika chuo cha Beloit, alianza kuchora picha za kuchekesha na kuzitia sahihi ya Ding, ambalo ni jina lake la Darling lililokatwa katikati. Mara moja aliwachora walimu wake kama safu ya wacheza dansi. Walimu hawakucheka, akasimamishwa masomo mwaka mzima. (Wenzangu, hapo msimwige.) Hata hivyo alimaliza chuo mwaka 1900, akawa mwandishi wa gazeti, kisha mchoraji wa gazeti la mji wa Des Moines. Kwa miaka mingi picha zake zilitolewa katika magazeti zaidi ya mia moja, na mara mbili, mwaka 1924 na 1943, alipewa tuzo kubwa iitwayo Pulitzer.

Lakini nyumbani kwake Iowa aliona jambo lililomchoma moyo. Bata mwitu wa Marekani wengi huzaliwa kaskazini, katika Majimbo ya Dakota na katika nchi ya Kanada, ambako kuna madimbwi na vinamasi vingi katikati ya nyasi. Bata jike hutaga katika nyasi karibu na maji, na vifaranga hula wadudu wa majini. Wakati wa baridi ndege hao husafiri maelfu ya maili kwenda kusini. Basi wakulima walichimba mifereji, wakayatoa maji ya vinamasi ili wapande ngano. Kisha miaka ya 1930 ukaja ukame mkali, hata udongo ukapeperushwa angani kama moshi. Madimbwi yaliyosalia yalikauka. Na wawindaji waliendelea kupiga kama zamani. Wengine waliwafunga bata hai majini ili wawavute wenzao, na wengine walimwaga nafaka ili ndege washuke mbele ya bunduki. Bata wakawa karibu kutoweka.

Darling alikuwa mtu wa chama cha Republican, na alimdhihaki Rais Franklin Roosevelt katika picha zake. Hata hivyo mwanzoni mwa mwaka 1934 Roosevelt alimweka katika kamati ya watu watatu ya kutafuta njia ya kuwaokoa ndege, na mwezi Machi akamfanya mkuu wa idara ya serikali iliyoshughulika na wanyama na ndege wa mwitu. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana kuliko fedha alizopata kwa kuchora. Naona hapo alitegwa vizuri: aliyezoea kukosoa aliambiwa aje afanye mwenyewe.

Mwezi huohuo ilipitishwa sheria kwamba kila mwindaji wa bata au bata bukini mwenye umri wa miaka 16 au zaidi lazima anunue posta stempu ya dola moja kila mwaka. Fedha hizo zingenunua vinamasi na kuvitunza. Stempu ya kwanza aliichora Darling mwenyewe: bata dume na bata jike wakitua majini. Aliichora harakaharaka, kama mfano tu, juu ya vipande vya kadi ngumu ambavyo dobi huweka ndani ya mashati yaliyopigwa pasi. Alishangaa alipoambiwa kuwa mchoro wake ndio unaochapwa. Mwaka ule wa kwanza stempu zaidi ya 635,000 zilinunuliwa. Yaani walionunua vinamasi hivyo ni wawindaji wenyewe, kila mtu kwa dola yake moja.

Hakuishia hapo. Mwaka 1935 ulipigwa marufuku ule mtindo wa kufunga bata hai na wa kumwaga nafaka, na bunduki za marisau zisitiwe zaidi ya risasi tatu. Wawindaji wengi walikasirika, wakanung'unika kwamba mwindaji mwenzao amewasaliti. Yeye hakurudi nyuma. Seneta Peter Norbeck wa South Dakota alimsaidia kupata dola milioni 6 zaidi, na kijana wake wa kazi, Clark Salyer, alizunguka nchi kwa gari akitafuta vinamasi vya kununua. Kisha vijana waliokosa kazi walioandikwa na serikali walijenga matuta na mabwawa, kama yale ya mto Souris huko North Dakota. Maji yakazuiwa, majani ya majini yakaota tena, wadudu wakarudi, na bata wakafuata.

Darling aliacha kazi hiyo mwezi Novemba, 1935, akarudi kwenye meza yake ya kuchora. Mwaka uliofuata aliwakusanya Washington watu wa vyama mbalimbali, wawindaji, wavuvi na wakulima, wakaunda shirikisho moja la kutetea wanyama na ndege, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1937 wawindaji wengine walianzisha chama cha Ducks Unlimited, wakachanga fedha Marekani ili kurudisha maji katika vinamasi vya Kanada. Kazi yao ya kwanza, mwaka 1938, ilikuwa katika kinamasi cha Big Grass, Manitoba. Ndege hawajui mpaka, na waliochanga walilijua hilo.

Stempu ile ingali inauzwa hadi leo, na fedha zake zimehifadhi ekari zaidi ya milioni 6.

Bwana Darling alifariki tarehe 12 Februari, 1962. Kesho yake gazeti lake lilitoa picha ya mwisho aliyokuwa ameiacha tayari. Humo alijichora mwenyewe kama kivuli, akitoka mbio mlangoni mwa ofisi yake, kofia juu, akiaga. Rafiki yangu nimemwonyesha habari hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Ameisoma mara mbili, akaniuliza stempu hiyo siku hizi ni bei gani. Nimemwambia ni dola 25.