Apolo Kivebulaya wa Mboga

Apolo alikuwa Mganda. Jina la Kivebulaya alipewa kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilolivaa, lililotoka Ulaya. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 akaenda kuhubiri Mboga, katika Kongo. Huko dada yake chifu Tabaro akafa kwa mkuki, na Apolo akasingiziwa. Akapigwa, akafungwa minyororo. Katika taabu hiyo aliomba sana, hata akamwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo, huzuni ikamtoka. Alipofunguliwa hakukimbilia kwao (mimi ningalikimbia!), bali alirudi Mboga kwa furaha, na Tabaro mwenyewe akabatizwa. Alikufa tarehe 30 Mei 1933, akiisha kuagiza azikwe kichwa kikielekea msitu wa Kongo.