Habari za Padre Johnson wa Liuli, na Huruma Isiyoondoka

Mara nyingi twasoma kitabuni habari za mtu aliyepatwa na msiba, hata machozi yakatulengalenga; kisha twafunga kitabu na kwenda kula. Tena twasikia kilio cha jirani, twasema maskini, nasi twapita njia yetu. Je, hiyo ndiyo huruma, au ni kivuli chake tu? Ili kulijibu swali hili twataka kusimulia maisha ya William Percival Johnson, ambaye jina lake lingali likikumbukwa katika pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Liuli na Mbamba Bay, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbinga na sasa ni Wilaya ya Nyasa. Hakuwa mtu wa Kanisa letu. Alikuwa padre wa Kianglikana, wa Misheni ya Vyuo Vikuu iliyojulikana kwa jina la UMCA. Lakini jambo jema halina ukuta kati ya nyumba na nyumba.

Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, Uingereza, akasoma Oxford. Alipokuwa angali mtoto mdogo, huruma ya Waingereza kwa watu wa Nyasa ilikwisha kuwashwa kwa maneno. Mwaka 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge, akawaeleza hali ya Afrika na biashara ya watumwa. Vitabu vyake vilisomwa na maelfu ya watu. Wengi walilia, na wengine wao wakaondoka. Hao wa kwanza walifika Magomero, kusini ya ziwa, mwaka 1861. Walipokutana na msafara wa watumwa waliwafungua wale waliofungwa. Baadaye wakashika bunduki, wakaingia vitani pamoja na wenyeji wa huko kupigana na Wayao. Askofu wao, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, na muda si mrefu misheni ikahamia Unguja. Huruma yao ilikuwa ya kweli, wala hatuwadharau. Lakini ilikuwa kama moto wa nyasi kavu: iliwaka upesi, ikachanganyika na hasira, nayo haikudumu.

Johnson alifika Unguja mwaka 1876, wakati wa Askofu Steere, kisha akaingia bara. Alikaa Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, mji uliokuwa mashuhuri kwa misafara ya watumwa. Hapo alipata fundisho gumu. Mwaka 1881 habari zilifika kwamba watumwa waliotoka huko wamekamatwa pwani na kuachwa huru. Watu wakamshuku yule mgeni kuwa ndiye aliyepeleka habari, na ikambidi kuuacha mji. Twaona hapo kwamba tendo la rehema linalofanyika mahali pamoja laweza kuamsha ghadhabu mahali pengine, na kwamba mwenye huruma hana budi kuwa tayari kushukiwa.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1882 alishuka ziwani pamoja na mwenzake, Charles Janson. Janson akaugua, akafa kule kule ziwani. Johnson akabaki peke yake, akaanza kutembea kijiji kwa kijiji. Siku zile watu wa pwani walikuwa kati ya hofu mbili. Kutoka milimani walishuka Wangoni wa Songea kuteka nyara, na majini yalipita majahazi ya kuvusha watumwa. Kwa hiyo watu walikimbilia visiwani na penye miamba, na wale Wamatengo wa bara walijificha katika milima yao. Johnson hakuwa na askari wala dawa ya kumaliza hofu hizo. Alilokuwa nalo ni kurudi. Alifika, akaondoka, akafika tena. Na mtu anayerudi mara kwa mara huacha kuwa mgeni.

Aliona kwamba ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500 halitembeleki kwa miguu tu. Basi akaenda Uingereza mwaka 1884 kuomba fedha za kununua meli. Vipande vya meli hiyo vilipandishwa kwa mto Shire, na penye maporomoko ya maji vikachukuliwa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1885 meli ikaanza kazi, ikaitwa Charles Janson, kwa ukumbusho wa yule aliyekufa. Lakini katika safari hizo macho ya Johnson yaliugua vibaya. Jicho moja likaharibika kabisa, na la pili likabaki na nuru ndogo.

Hapa, ndugu zetu, ndipo tunapoona kiini cha maisha yake. Mtu aliyekuja kuwahurumia wengine akawa yeye mwenyewe mwenye kuhitaji kuhurumiwa. Mwenye macho ya namna ile hawezi kupita katika mawe ya pwani, wala kupanda mtumbwi gizani, wala kutambua sura ya mtu aliye mbele yake, pasipo msaada wa wenzake. Alizoea kulala juu ya mkeka na kula chakula cha wenyeji, akiishi kwa vitu vichache mno. Kwa hiyo watu wa ziwa hawakumwona kama tajiri anayegawa sadaka toka juu. Walikuwa na kitu cha kumpa, naye alikubali kukipokea. Huruma inayotoa tu bila kupokea huzaa kiburi kwa mwenye kutoa na aibu kwa mwenye kupewa. Huruma inayopokea pia hufanya ujamaa.

Tusisahau kwamba katika miaka ile ile neno huruma lilitumika kwa kazi nyingine. Wakuu wa Ulaya walisema wanawasikitikia watumwa, nao huku wakigawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1890 pwani ya Liuli ikawa ya Wadachi, nao wakapaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa la bandarini. Kisha ikaja Vita ya Maji Maji, 1905 hata 1907, na njaa kuu katika nchi ya Songea, ambapo mashamba na ghala ziliteketezwa kwa amri ya serikali ile ile iliyojisifu kuwa imekomesha utumwa. Mwenye kutaka kujua kama huruma ni ya kweli, na atazame inakula wapi na inalala wapi.

Johnson alikuwa mtu wa kalamu pia. Alitafsiri Biblia katika Chinyanja kilichotumika upande wa Likoma, na mwaka 1922 kitabu chake juu ya ziwa, Nyasa, the Great Water, kilipigwa chapa. Mwenzake katika kazi, Padre Augustine Ambali, Mwafrika, naye aliandika kitabu cha miaka yake thelathini Nyasaland, hata habari za nchi zisisimuliwe na wageni peke yao. Kazi ya tafsiri yenyewe ni shule ya huruma, maana mfasiri hana budi kuuliza watu wanaitaje huzuni na wanaitaje upendo. Wanyasa husema chifundo. Sisi twasema rehema, neno lililotoka kwa Kiarabu; na ndugu yake wa Kiebrania, neno la manabii, lina asili moja na neno la tumbo la uzazi. Basi kurehemu si kumtazama mtu kwa mbali. Ni kumchukua kama mama anavyomchukua mtoto, miezi yote mpaka siku yake itimie.

Padre Johnson, aliyekuwa Arkidiakono wa Nyasa tangu mwaka 1896, alikaa na watu wa ziwa mpaka uzee. Alifariki Liuli mwaka 1928, mwenye umri wa miaka sabini na minne, akazikwa huko huko. Tangu alipoliona ziwa mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka arobaini na sita.

Nanyi walimu wa Injili, mnapowasomea watu habari ya Msamaria, waonyesheni jambo hili: kuhani na Mlawi nao walimwona yule aliyeanguka, hawakuwa vipofu. Tofauti ilikuwa katika kukaribia. Basi na tusome vitabu vyenye huzuni, na machozi yetu tusiyaonee haya, maana huanza kazi. Lakini kitabu kikiisha kufungwa, tuinuke twende kwa mjane wa kijiji chetu. Na tukienda leo, twende tena juma lijalo.