JULIAN HUXLEY: MWANASAYANSI ALIYEKUJA NA SINEMA

Wahenga walinena kwamba kusikia si kuona. Julian Huxley hakuwa Mswahili, lakini maisha yake yaliifuata methali hiyo.

Alizaliwa London tarehe 22 Juni 1887. Babu yake, Thomas Henry Huxley, ndiye aliyemtetea Charles Darwin hadharani wakati nadharia ya mageuko ilipopingwa vikali. Mtoto wa nyoka ni nyoka: Julian naye akasomea elimu ya viumbe huko Oxford. Mwaka 1914 alichapisha utafiti kuhusu kibisi, ndege wa majini. Alikuwa ameketi kimya akitazama jinsi dume na jike wanavyochumbiana kwa kutikisa vichwa.

Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ilimtuma huku kwetu Afrika Mashariki kutoa ushauri kuhusu mafunzo ya bayolojia shuleni. Alikuja na filamu. Siku hizo walikuwako wakoloni waliodai eti Mwafrika hawezi kufahamu sinema. Huxley hakupoteza wakati kwa ubishi. Aliwaonyesha wenyeji filamu zile, akachunguza walichoelewa. Je, matokeo yalikuwaje? Walielewa, watoto kwa wakubwa! Akaandika ripoti akipendekeza filamu zitumiwe kufundishia.

Aliporudi kwao akatengeneza yake. Filamu hiyo ya mwaka 1934 yaonyesha maisha ya ndege wa baharini katika kisiwa cha Grassholm, Wales: wanavyojenga viota, kulea makinda na kupiga mbizi kuvua samaki. Mwaka 1938 ilituzwa Oscar. Kisha mwaka 1942 akatoa kitabu kilichounganisha mawazo ya Darwin na elimu ya urithi, na mwaka 1946 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO.

Hata hivyo, hakuna mja asiye na ila. Kati ya 1959 na 1962 aliongoza chama cha Uingereza kilichoamini kuwa wataalamu wanaweza kuamua watu gani wanafaa kuzaa zaidi. Wazo hilo liliwaumiza wengi duniani, na hatuwezi kulifumbia macho.

Alifariki tarehe 14 Februari 1975.

Basi wenzangu, tupepete mchele tutoe chuya. Kumbe wazee wetu walipimwa mwaka 1929 na wakafaulu! Nasi tusingoje maabara kubwa. Kuku uani na shomoro juu ya paa la bweni wana mengi ya kutufundisha. Kazi ni kutulia na kutazama.