Arthur Ashe: Raketi Yenye Jina Lake Ilikuwa Dukani, Mbinu Hazikuwepo

Tuseme uko Busia siku ya soko, unachakura mitumba, mara mkono unagonga raketi ya tenisi. Imeandikwa jina la bingwa. Muuzaji anaapa kuwa ni ile ile anayochezea bingwa mwenyewe. Kabla hujatoa pesa, hebu nikupe habari za Arthur Ashe.

Jamaa alizaliwa Richmond, Virginia, Marekani, Julai 10, 1943. Mamake alifariki akiwa na miaka sita tu. Babake alitunza bustani ya burudani ya watu weusi na familia iliishi humo humo, viwanja vya tenisi vikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Ron Charity akamfundisha, kisha akampeleka kwa Dkt Robert Walter Johnson kule Lynchburg. Daktari huyo alimfunza kujizuia: usibishane na mwamuzi, na mpira ukitoka kidogo tu, uhesabu umeingia. Enzi zile za ubaguzi, kijana mweusi hangepewa kisingizio hata kimoja.

Mwaka 1968 akashinda US Open. Lakini alikuwa luteni jeshini na mchezaji wa ridhaa, kwa hivyo dola 14,000 za zawadi zikamwendea Tom Okker, ambaye Ashe alikuwa amemlaza kwenye fainali! Yeye alipata posho ya dola 20 kwa siku.

Baadaye kampuni ya Head ikauza raketi ya alumini na faibaglasi yenye jina lake, wakati wengi bado walicheza na za mbao. Kwenye fainali ya Wimbledon 1975 alikutana na Jimmy Connors, aliyependa mipira ya kasi. Ashe akamnyima kasi hiyo: mipira laini, ya chini, ya kumchosha akili. Akashinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Raketi yenye jina lake ungeipata dukani. Mbinu hiyo, wapi!

Na hata raketi zenyewe si sawa. Za dukani, hata za aina moja, hupishana kwa gramu kadhaa. Za wachezaji wa kulipwa hupimwa moja moja: fundi huongeza vipande vya risasi kwenye fremu, huunda mpini ukae kwenye kiganja cha mwenyewe, na hukaza nyuzi kwa kipimo chake. Wengine hushikilia fremu ya zamani iliyopakwa rangi za toleo jipya, ndiyo wewe ununue hilo jipya. Watu wa Malaba wanalijua hili: turubai la lori halikuambii mzigo ulio chini. Lakini usione umepunjwa sana. Raketi nzito ya bingwa inaweza kuumiza mkono wa anayeanza.

Sasa cheki hii. Mwaka 1971, kule Yaoundé, Kamerun, Ashe alicheza na mtoto aitwaye Yannick Noah, akampa raketi yake mwenyewe. Hakuishia hapo. Alimpigia simu Philippe Chatrier wa tenisi ya Ufaransa, na mtoto akapelekwa Ufaransa kufunzwa. Mwaka 1983 Noah akatwaa ubingwa wa French Open. Raketi bila simu hiyo ingempeleka wapi?

Mwaka huo huo wa 1983 Ashe alifanyiwa upasuaji wa moyo, akaongezewa damu yenye virusi vya Ukimwi. Kipimo cha damu hakikuwepo bado. Aprili 1992 gazeti lilipokaribia kuianika siri yake, akajitokeza kuisema mwenyewe. Ukiishi Busia au Malaba, kwenye barabara ya malori, unajua uzito wa minong'ono kama hiyo. Yeye akaunda wakfu wa kupambana na Ukimwi, akafariki Februari 6, 1993, akiwa na miaka 49.

Basi hiyo raketi ya mitumba ishike, izungushe, uone kama mkono unaimudu. Ikikufaa, lipa bei ya raketi. Jina usililipie. Halafu tafuta mtu wa kukufunza.