Fausto Coppi: Gwiji wa baiskeli aliyeanza kama msaidizi, akauawa na malaria

MASHABIKI wa mbio za baiskeli duniani wanamkumbuka Mtaliano Fausto Coppi kama mtu aliyezoea kufika peke yake. Alipochomoka milimani, mara nyingi wenzake hawakumwona tena hadi mwisho wa mashindano. Hata hivyo, historia yake haikamiliki bila kuwataja waliomkinga na upepo, waliomletea maji na waliomwachia magurudumu yao alipopata pancha. Yeye mwenyewe aliingia katika mchezo huo akiwa mmoja wao.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye familia ya wakulima. Akiwa bado kijana mdogo aliajiriwa katika bucha moja mjini Novi Ligure, kazi yake ikiwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Katika mji huo alikutana na Biagio Cavanna, mchua misuli kipofu, ambaye alitambua kipaji chake na kumlea kimchezo.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimsajili ili amsaidie Gino Bartali, bingwa aliyekuwa tayari ameshinda mbio za Giro d'Italia mara mbili na Tour de France mara moja. Bartali alianguka mwanzoni mwa Giro ya mwaka huo na kupoteza muda. Kijana wa kumsaidia akashika usukani na kutwaa ubingwa akiwa na umri wa miaka 20. Mbio zilimalizika Juni 9. Siku iliyofuata Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili.

Kazi ya msaidizi inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli kutoka Tunduma, au kwenye vilima vya Ikinga wilayani Ileje, huku upepo ukimpiga kifuani. Anayekaa nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo zaidi kuliko yule anayeukata upepo mbele. Ndiyo maana timu za kulipwa hupanga watu wa kujichosha kwa ajili ya mmoja. Katika kilomita za mwisho, wasaidizi hujipanga mstari mmoja mbele ya mkimbiaji wao wa kasi, kila mmoja akivuta hadi nguvu zimwishie, kisha anajitoa pembeni. Wa mwisho humfikisha mwenye kasi karibu mita 200 kabla ya utepe na kumwachia njia. Jina linaloandikwa kwenye orodha ya washindi ni moja tu.

Novemba 1942, mjini Milan, Coppi aliweka rekodi ya dunia kwa kuendesha zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi 1956. Miezi michache baadaye, akiwa askari, alitekwa na Waingereza nchini Tunisia. Vita ilipokwisha alirejea kwa kishindo: mwaka 1946 alishinda mbio za Milan hadi San Remo akimwacha wa pili kwa dakika 14. Mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, na akarudia mwaka 1952. Kwa jumla alitwaa Giro mara tano, na mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia.

Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo mdogo wake, Serse. Juni 29, 1951, mjini Torino, Serse alianguka baada ya gurudumu lake kunasa kwenye reli ya tramu. Aliinuka, akamaliza mbio, lakini saa chache baadaye alifariki dunia kutokana na majeraha ya kichwa.

Mwingine alikuwa Andrea Carrea. Katika Tour ya 1952 aliungana na kundi lililotoroka mbele ili kulichunga kwa niaba ya kiongozi wake, na bila kutarajia akajikuta amevikwa jezi ya njano ya anayeongoza. Carrea alilia, akihofia kuwa amemvunjia heshima Coppi. Kesho yake Coppi alishinda juu ya mlima wa Alpe d'Huez na kuichukua jezi hiyo.

Baada ya 1953 nguvu zilianza kupungua, na maisha yake ya ndoa yakawa gumzo magazetini. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mashindano ya maonyesho na kuwinda. Huko alilala chumba kimoja na Mfaransa Raphaël Geminiani. Waliporudi Ulaya wote wawili walishikwa na homa kali. Damu ya Geminiani ilipimwa, malaria ikaonekana, akapewa kwinini. Madaktari wa Coppi hawakuutambua ugonjwa huo. Alifariki Januari 2, 1960 katika hospitali ya Tortona, akiwa na umri wa miaka 40. Geminiani alipona, akaishi hadi Julai 2024, alipofariki akiwa na miaka 99.

Siku chache kabla ya kifo cha Geminiani, Julai 1, 2024, Tour de France ilipita Tortona kwenye kilima kilichopewa jina la Coppi na kuishia Torino, mji alikofia Serse. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo. Alitwaa nyingine mbili pamoja na jezi ya kijani ya wenye kasi, heshima ambayo, kama zile za Coppi, ilibebwa pia na miguu ya wasaidizi wasiofahamika sana.